Aliyesimama Chini ya Ubao

Asubuhi ile nilikuwa ufukweni napiga pampu, mgongo unanilalamikia kama kawaida. Watu wakiona picha za wageni wamesimama juu ya ziwa, kafi mkononi, vilima nyuma yao, wanadhani kazi yetu ni starehe. Waje wapige pampu. Mbao zetu za kusimamia majini ni za kupuliza, zinakuja zimekunjwa kama magodoro, na kila moja lazima ijazwe upepo mpaka iwe ngumu kiasi cha kubishiwa hodi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kusimama mbele ya wageni na kuwachekesha ilikuwa kazi ya kaka yangu wa tumbo moja, ambaye ufukwe mzima ulimwita Nahodha kwa utani, maana chombo chenyewe hakina hata pa kuweka kikombe.

Haya ninayosimulia yalimpata yeye. Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, na kama kuna anayeona naongeza chumvi, ziwa bado lipo, aende akasimame.

Wageni wa siku hiyo walitoka ofisi moja, wamechangamka kama watu waliopewa ruhusa wasiyoitarajia. Nahodha aliwapanga mchangani akawapa somo lake. Piga magoti kwanza. Kisha simama, miguu sambamba, magoti yalegee. "Na macho mbele," akasema. "Tazama vilima kule. Ukitazama chini, unaanguka." Hilo ni kweli tupu. Mtu yeyote anayeanguka kwenye ubao huanza kwa kutazama miguu yake mwenyewe.

Maji yalikuwa yametulia kabisa. Waliondoka wakicheka, wakarudi kabla ya mchana wakicheka, isipokuwa mama mmoja, mhasibu wao. Huyu alikuja kunirudishia jaketi la kuelea akasimama karibu yangu mno.

"Dada, samahani," akaninong'oneza. "Yule anayekaa chini ya Nahodha, mnamweka vipi?"

"Chini yake wapi?"

"Majini. Sisi wengine kila mtu alikuwa na kivuli chake majini kama kwenye kioo, kimesimama kichwa chini, nyayo kwa nyayo. Cha Nahodha ni cha mwanamke."

Alicheka kidogo, akingoja nimwambie ni mchezo tunaowafanyia wageni. Nikacheka na mimi. Nikalipokea jaketi nikaenda kulianika, na mikono yangu ilikuwa baridi kuliko jaketi lenyewe.

Hapa lazima nimseme wifi yangu. Mke wa kaka ndiye aliyeanzisha kazi hii, Nahodha akaja kuweka sauti tu. Wifi alikuwa mwembamba, mkali wa utani, na alijua mito kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyetufundisha habari ya kamba. Kila mtu anayesimama juu ya ubao hufungwa kamba inayomuunganisha nao, ili akianguka ubao usimkimbie. Ziwani, kamba hufungwa kwenye kifundo cha mguu. Mtoni, hufungwa kiunoni, kwa kifungo kinachofunguka ukikivuta kwa mkono mmoja. Sababu ni miti. Mtoni kuna miti iliyoanguka, kamba ikinasa kwenye tawi maji yanakulaza kifudifudi na kukushikilia hapo, na hakuna binadamu anayeweza kujikunja dhidi ya mkondo akafikia mguu wake. Wifi alilisema hilo kila safari, hata kwa watu waliokwisha kulisikia, mpaka tukawa tunamwigiza.

Alikufa mtoni, kamba ikiwa mguuni.

Mimi nilikuwa na gari, nawangoja wao na wageni kule chini walikopaswa kutokea. Nilimwona Nahodha akija peke yake kwa miguu kando ya mto, analia. Akasema maneno ambayo aliyasema tena nyumbani, akayasema tena makaburini mbele ya watu wote: "Alijifunga mwenyewe. Nilimkataza. Mnamjua alivyokuwa mbishi."

Na mimi ndiye niliyemwandaa marehemu, pamoja na mama yake. Waokoaji walikuwa wamekata kamba, lakini mkanda ulikuwa bado mguuni. Nikaufungua. Ule mkanda unanata, una ncha ya kuvutia. Anayejifunga mwenyewe huinama, na ncha huishia mbele au ubavuni. Anayefungwa na mwingine, huyo mwingine hupiga magoti nyuma yake, na ncha huishia nyuma ya kisigino, imeelekea ndani. Nimefunga miguu ya wageni mpaka magoti yangu yameota sugu. Mkanda wa wifi ulifungwa na mtu aliyepiga magoti nyuma yake, mtu mwenye haraka, aliyezoea ziwa, na wageni wanangoja na simu zao juu.

Sikunyamaza. Nisingizieni mengine, si hilo. Nililisema kwenye kikao cha familia, na baba mdogo akanijibu kwamba mfiwa haulizwi maswali, na maji yakimwagika hayazoleki. Methali tamu, hasa kwa aliyeyamwaga. Basi nikaenda kwa mama yake wifi nikamwambia yeye.

Mama yule ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja cha kazi, meza ya kukatia imejaa chaki na vipande, na nguo za watu zinaning'inia ukutani zikingoja wenyewe. Alinisikiliza mguu wake ukiwa juu ya pedali, bila kuikanyaga.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Lakini si wewe uliyekuwa naye. Nataka nilisikie kwa mdomo wake."

Nahodha alikwenda. Aliketi kwenye benchi la wateja, akasema: "Mama, alijifunga mwenyewe." Na maneno yale yakatoka pale yakaenda mjini. Siku moja mteja asiyemjua mama yule alileta kitambaa cha kushona, akawa anapiga soga huku anapimwa, akasimulia habari za mwanamke mmoja aliyeuawa na ubishi wake huko mtoni. Mama alimpima mpaka mwisho. Alimpima kiuno, akampima mabega, akampa siku ya kuja kuchukua.

Alichotaka mama yule ni sentensi moja. Hakutaka kesi wala fidia. Alitaka mkwe wake aseme nani alifunga kamba, ili mwanawe aache kuitwa mpumbavu akiwa kaburini. Nilimbembeleza kaka yangu, nikamtukana, nikambembeleza tena. Jibu lake lilikuwa moja: "Nikisema, sitashika kafi tena maisha yangu." Alikuwa tayari jina la mkewe lioze ili yeye aendelee kuchekesha watu mchangani. Nampenda, ni kaka yangu, alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Na bado nasema lilikuwa jambo la aibu.

Sasa turudi kwa mhasibu. Baada yake walikuja wengine. Kijana na mchumba wake. Mzee mmoja mstaafu ambaye alivua jaketi akaondoka bila viatu. Kila mara ilikuwa siku ya utulivu.

Kila mtu wa kazi hii huomba utulivu. Kaka yangu akaanza kuomba upepo. Alikuwa anakaa juu ya kreti lililopinduliwa, wageni wamejipanga, maji yamenyooka, naye anasema tungoje kidogo. Tungoje nini? Tungoje mawimbi. Upepo ukija na maji yakikunjamana, hakuna kivuli kinachoonekana, na hapo ndipo alipokuwa anaingia. Wageni walikuwa wanaanguka kama maembe yaliyoiva, wanarudi wamelowa na wamenuna, na yeye amekauka, ametulia, anatabasamu.

Mchana mmoja niliupindua ubao wake niuoshe mchanga. Upande wa chini wa ubao ni laini, unakaa majini, hakuna anayeukanyaga hata siku moja. Kulikuwa na nyayo mbili.

Zilikuwa ndogo. Zimelowa. Vidole vimeelekea mbele, kila unyayo mahali palepale ambapo upande wa juu kaka yangu huweka wake.

Nikafuta kwa kitambaa. Nikaacha ubao juani. Ubao ukakauka wote, nyayo hazikukauka.

Nikamwita. Alikuja akatazama, wala hakuniuliza ni za nani. Aliupindua ubao polepole, akauweka sawa.

"Usiuoshe tena huu," akanong'ona.

"Anataka nini, kaka?"

"Unajua anachotaka."

"Basi mpe."

Alikwenda kuwapokea wageni.

Habari kama hizo hazikai ufukweni. Alasiri moja mama mkwe wake akatokea, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mkoba mkononi, viatu vya kwendea kwa watu. Alitusalimu vizuri. Akasema: "Nimesikia mwanangu anaonekana. Nipelekeni nikamwone."

Nahodha akasema maji ni baridi, mama. Akasema umri, mama. Akasema presha. Mama akaketi juu ya kreti. Jioni akaenda zake, kesho yake akarudi, na siku iliyofuata pia. Wageni wakaanza kumuuliza ni nani, naye akawa anawajibu kwa adabu zote: "Mimi ni mama wa yule aliye chini." Baada ya hapo majaketi yalikuwa yanavuliwa kabla ya kufungwa.

Hatimaye kaka akakubali, lakini kwa ujanja wake. Alingoja siku ya upepo. Ilikuwa mchana, jua kali, na ziwa zima lilikuwa limekunjamana, huoni hata kafi lako likizama. Akamketisha mama mbele ya ubao, jaketi juu ya gauni, miguu ameikunja. Yeye akasimama nyuma yake. Mimi nikachukua ubao wangu nikaenda ubavuni kwao.

"Macho mbele, mama," akamwambia.

"Mimi nimekuja kutazama chini, baba," mama akajibu.

Tukaenda. Ilikuwa safari ya kawaida, na mimi nilianza kuamini tutarudi hivyohivyo, mama amelowa gauni, kaka ameshinda tena. Tulipofika katikati upepo ukakata.

Haukupungua. Ulikata. Na maji yakaanza kunyooka kuanzia tulipokuwa sisi kwenda nje, kama kitambaa kinachopigwa pasi. Kelele za ufukweni zikawa mbali. Nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye kafi langu.

Nilitazama chini. Kivuli changu kilikuwepo, na kafi lake. Kivuli cha mama kilikuwepo, kimeketi.

Nyuma yake alikuwa wifi.

Alisimama kichwa chini, nyayo zake chini ya nyayo za kaka yangu. Mikono yake mitupu. Nywele zimesimama kuelekea kina. Kivuli hutazama pale anapotazama mwenye nacho. Kaka alikuwa anatazama vilima. Wifi alikuwa anamtazama yeye.

"Mwanangu," mama akasema.

Midomo kule chini ikachezacheza. Mimi sikusikia kitu. Mama alisikia, maana alitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo. Akainama, akauingiza mkono wake wa kulia majini mpaka kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapofungwa. Hakuutoa.

"Baba," akasema, bila kugeuka. "Nani alimfunga mwanangu kamba?"

"Mama, tulishaongea."

"Nani?"

Jasho lilikuwa linamtiririka kaka kama amemwagiwa. Macho kwenye vilima.

"Kaka, sema," nikamwambia. "Nakuomba. Sema tu."

Alinitazama. Nitakwenda na jambo hili mpaka siku yangu: mdomo wake ulifunguka, na lililotaka kutoka lilikuwa neno la kweli. Ninamjua. Sura yake ilikuwa ya zamani, ya kabla ya haya yote.

Halafu ufukweni kukapigwa honi. Basi dogo lilikuwa limefika, wageni wanashuka, wanampungia Nahodha mikono. Aliwaona. Nikamwona anajinyoosha, mabega yanarudi nyuma, anavaa lile tabasamu.

"Alijifunga mwenyewe," akasema.

Na akatazama chini.

Hakuanguka ubavuni kama waangukavyo watu. Alishuka. Wima, miguu kwanza, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Ubao ulikuwa chini ya nyayo zake na sijui hadi leo alipitia wapi. Haukuinama. Mama hakuyumba. Maji hayakuruka.

Nilimwona ndani. Maji yalikuwa safi, alikuwa na jaketi lake la rangi ya chungwa, limefungwa vizuri, na jaketi lile halizami. Lilizama. Mfa maji haachi kutapatapa, ndivyo tunavyosema. Kaka yangu hakutapatapa. Uso umeelekea juu, macho wazi, anatutazama.

Nikajirusha. Jaketi langu likaniinua. Nikapiga mbizi, likaniinua tena. Nikawa napambana na vifungo vyake, vidole havitii, na mimi nimetokea upande mwingine wa ubao wao. Kutoka pale niliuona mkono wa kaka. Ulitoka majini mara moja, upande wa kushoto wa mama, karibu na goti lake. Vidole vimefunguka. Ulikaa hewani muda, wala si kidogo. Kisha ukarudi.

Nilipolivua jaketi na kufika, chini kulikuwa na mchanga tu. Pale ziwa halina kina cha kutisha, unaona kokoto. Hapakuwa na mtu, wala wingu la tope la kuonyesha kwamba mtu alipita. Upepo ukaanza tena.

Wapiga mbizi walikuja na boti na vifaa vyao, wakatafuta mpaka wakachoka. Hawakupata mwili, hawakupata jaketi, hawakupata kamba. Wakubwa wakasema ni ajali. Waliniuliza kama marehemu alikuwa mzoefu, nikasema alikuwa mwalimu. Baba mdogo aliitisha kikao, akaniambia niache maneno ya vivuli. Nikamwambia mfiwa haulizwi maswali, nikaondoka.

Mbao nilizigawa. Nikakaa muda mrefu bila kwenda kwa mama mkwe wa kaka, si kwa chuki, nilikuwa sijui tutasalimiana vipi. Hatimaye nikaenda.

Chumba cha kazi kilikuwa kimebadilika. Cherehani imefunikwa. Ukutani hakuna nguo za watu. Mama alinikaribisha, akanivutia benchi, na ndipo nikaona mkono wake wa kulia umezungushiwa taulo. Aliona ninautazama, akaifungua.

Kuanzia pale saa inapofungwa mkono ulikuwa mweupe na umekunjamana, kama wa mtu aliyefua siku nzima. Tone likajikusanya kwenye ncha ya kidole, likadondoka sakafuni. Likajikusanya lingine.

"Haukauki," akasema. "Kila kitambaa ninachokishika kinapata doa, ndiyo maana nimeacha kushona. Daktari kanipa mafuta."

"Unauma?"

"Hapana, mwanangu. Alinishika. Tangu siku ile. Alikuwa ananishika hivi tukivuka barabara, alipokuwa mdogo." Alikunja vidole kidogo, pakawa na nafasi katikati yake, nafasi ya vidole vingine. "Bado ameshika."

Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika, na nikaona wivu, maana mimi sijashikwa na yeyote. Nilikuwa na swali moja, ndilo lililonileta, na nilihangaika nalo mdomoni mpaka likatoka lenyewe.

"Mama, kaka yangu alinyoosha mkono. Upande wako wa kushoto."

Aliivuta birika kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa mkavu, imara, mkono wa fundi. Akanimiminia chai, hakumwaga hata tone.

"Niliuona," akasema, akanisogezea kikombe.

Nikanywa.